Uzi Mwekundu wa Mashine Namba Tisa

Trésor ameniomba niwaandikie ninyi mnaoanza kazi studio namna ya kutengeneza kitambaa ndani ya kompyuta. Alitaka kurasa mbili za kubandika ukutani karibu na skana. Nilimwambia kurasa mbili hazitoshi, na ukuta wenyewe una unyevu. Basi nimeandika nilivyoweza, nikivaa miwani mipya ambayo daktari alisema itanisaidia. Nani alinipandisha cheo na lini, humu hamna. Hayo hayatawafundisha kufuma hata safu moja.

Nilianza kazi ya vitambaa kabla sijaona kompyuta hata kwa picha. Baba yangu alikuja Lubumbashi kutoka upande wa Kongolo kufanya kazi ya reli, na mimi nikaingia kiwanda cha nguo nikiwa bado na aibu ya msichana wa masista. Kiwanda kilikuwa na ukumbi wa kufuma kitambaa cha fulana. Jezi za timu za makampuni, zile timu za wachimbaji, za reli, za posta, karibu zote zilitoka pale. Kiwanda chenyewe kilikuwa na timu yake, kijani na nyeupe, ambayo ilikuwa hodari sana wa kufungwa.

Siku ya kwanza nilipelekwa kwenye meza ya ukaguzi. Ilikuwa meza ya kioo yenye taa sita chini yake. Kitambaa kinapita juu ya kioo, wewe unatazama. Ukiona tundu, fundo au doa la mafuta, unafunga kipande cha uzi mwekundu kwenye ukingo, sawasawa na lile kosa, ili mkataji akifika pale aruke. Jioni nyuzi zinahesabiwa, na kila uzi unaandikwa kwa jina la mwanamke aliyesimamia mashine. Kwa hiyo hakuna aliyenipenda sana ukumbini, na nilizoea.

Mkuu wangu alikuwa Papa Ngoy, mzee mfupi aliyekula karanga moja moja, akitafuna kila moja kana kwamba ana mpango nayo. Alinipa vitu vitatu: sindano, gurudumu la uzi mwekundu, na rula ya mbao iliyolika pembeni. Nikadhani rula ni ya kunipigia vidole.

"Hii iko ya kupima," alisema. "Ukiona tobo, usifunge uzi mbiombio. Tafuta tobo ya pili, pima. Tafuta ya tatu, pima tena. Mukono inatangatanga, mashini inahesabu. Unasikia, mutoto?"

Alikuwa na maana hii. Mwanamke akisinzia, au akiunga uzi vibaya, kosa lake linaangukia popote. Sindano ikipinda, au jino la gurudumu likivunjika, kosa linarudi palepale, kwa umbali uleule, mpaka fundi aje. La kwanza ni kosa la mkono, linaandikwa jina la mtu. La pili ni kosa la mashine, linaandikwa namba. Kati ya jina na namba kuna maisha ya mtu, na ile rula ndiyo iliyokaa katikati. Hayo ya mwisho ninasema mimi sasa. Papa Ngoy hakuwa mtu wa maneno mengi hivyo.

Wiki ileile aliingia Generosa, akapewa mashine namba tisa. Uwanja wa nyumba yake na wangu ulitenganishwa na ua la matete tu, ambalo tuliliegemea tukiagana jioni, na tulipikia mbabula moja, lile jiko la makaa, makaa yalipokuwa haba. Nilimzidi miaka miwili, akaniita Yaya, yaani dada mkubwa, tangu siku ya kwanza, na nililizoea jina hilo kuliko lile la ubatizo. Mikono yake ilikuwa hatari. Uzi ukikatika aliuunga bila kusimamisha mashine, kwa vidole viwili, huku akiniambia habari za wifi yake. Alikuwa rafiki yangu. Sina neno jingine la kuliongeza hapo.

Halafu nchi ikaanza kulegea, kama mnavyosikia wazee wenu wakisimulia. Uzi ukawa unafika nusu, kisha robo. Fundi wa mashine alivuka kwenda Zambia, akatuachia sanduku tupu la vifaa na salamu. Taa za meza yangu ziliungua moja moja na hakuna aliyezibadilisha. Mshahara ukawa hadithi, tukalipwa kwa vitambaa vilivyokataliwa, vile vyenye nyuzi nyekundu. Papa Ngoy alirudi kwao. Siku anaondoka alinipa rula, akaniambia nisiiweke ndani ya mutiro, yaani ile droo ya meza, kwa sababu chombo kikiwa ndani ya droo kinakuwa cha droo. Nikaiweka ndani ya droo.

Asubuhi moja mkurugenzi alituma mtu mezani kwangu. Kabla ya saa sita alitaka orodha ya wanawake watano wenye nyuzi nyingi kuliko wengine. Hakusema kwa ajili ya nini, na mimi sikuuliza, ingawa sikuwa mtoto. Taa zilizobaki zilikuwa mbili. Kitambaa cha mashine namba tisa kilikuwa na matundu wiki ile, madogo kama punje ya ulezi, moja huku, moja kule, jingine upande wa chini. Lazima niwaeleze hapa kwamba kitambaa cha fulana hufumwa kwa duara, kinatoka kama mrija, na kina tabia ya kujipinda. Mstari ulionyooka kwenye mashine unakuja mezani ukiwa umelala upande, unazunguka mrija, unapotea chini, unatokeza tena. Kwa taa mbili niliona matundu yaliyotawanyika. Nikafunga nyuzi.

Generosa alikuja mezani mwenyewe, mikono imejaa vumbi la pamba.

"Yaya, pima," alisema. "Haiko mukono yangu. Iko mashini. Namba tisa inapiga kelele tangu siku ya kwanza ya wiki, nilisema na chef wa ukumbi, hakuna mutu anasikia. Chukua rula, pima tu."

Nilikuwa na mabunda manne ya kupitisha kabla ya saa sita.

"Kila mutu anasemaka iko mashini," nilimjibu.

Droo ilikuwa umbali wa mkono wangu. Sikuifungua.

Walioandikwa waliachishwa kazi Jumamosi ile. Watu wengi wamenifariji kwa kuniambia kwamba kiwanda kilikufa mwaka uliofuata hata hivyo, kwamba sote tulikwenda njia moja. Si kweli. Sisi tuliobaki tuliondoka na barua yenye muhuri. Generosa aliondoka na jina. Pale mtaani walimwita Mukono ya Matobo, na alipokwenda kuomba kazi kwa mshonaji mmoja wa Makomeno, jina lilikuwa limeshafika mbele yake. Mshonaji alimuuliza mbele ya wateja kama angetoboa na suruali zake. Yeye na mumewe wakahamia Kasungami, pembeni mwa mji, kulima mahindi na lengalenga, yaani mchicha. Ua la matete lilibaki, na mimi nikapika peke yangu.

Tulikutana mara chache miaka iliyofuata, sokoni, au kwenye misa kubwa. Hakunitukana hata siku moja. Alisema, "Bonjour, Madame," akapita. Mtu aliyekuita Yaya akikuita Madame, utatamani akutukane.

Kiwanda kilipofungwa, na baada ya zile siku za uporaji ambazo watu walibeba hata milango ya vyoo, mimi nilibaki na bunda moja la kitambaa kilichokataliwa, malipo yangu ya mwisho. Nililishonea nguo za ndani za watoto, foronya na nepi. Kipande kimoja cha kama mita moja kilibaki. Nilikipasua mrija ukawa shuka, nikaziba matundu yake kwa uzi mweupe, nikakiweka. Vile vipande vya uzi mwekundu kwenye ukingo sikuvitoa. Nilikuwa nikijiambia ni uvivu.

Miaka ya katikati naipita haraka. Niliuza mikate ya mafuta, niliuza makaa, nilishona namba migongoni mwa jezi kwa Papa Kambale, mfanyabiashara wa kutoka Butembo aliyekuwa akileta jezi kwa malori. Mlimkuta, mnamjua, yule asiyekaa chini akiongea na simu. Namba zangu zilikuwa zimenyooka, kwa hiyo alinivumilia.

Siku moja nilipeleka jezi dukani nikamkuta Trésor, kijana wa miaka thelathini hivi aliyeajiriwa kuchora jezi kwenye kompyuta ili wateja wachague kabla mali haijaagizwa. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na jezi nyekundu inayong'aa kama ndoo ya plastiki. Papa Kambale aliniuliza ninaionaje.

"Hii haikufumwa," nilisema. "Hii imepakwa rangi."

Trésor aligeuka. "Mama, niliweka texture. Niliweka bruit, angalia, zoom."

Nikaangalia. Bruit ni zile chembechembe ambazo programu inanyunyiza popote inapopenda. "Hii ni vumbi," nilimwambia. "Nguo haiko vumbi. Nguo iko uzi moja inaenda, inarudi. Inaenda wapi hapa?"

Papa Kambale alicheka mpaka akasahau simu sikioni. Akanivutia kiti, akasema: "Mama Béa, ikala hapo. Mufundishe huyu, na yeye akufundishe mashini." Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi yangu ya pili, nikiwa na wajukuu wawili, na sijui hata kuwasha kompyuta. Trésor alinishika mkono juu ya kipanya kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika. Nilimwonea haya wiki mbili, kisha nikaacha kwa sababu kazi ilikuwa nyingi.

Sasa yale aliyoyataka Trésor, nayatia hapa kabla sijasahau.

Chukueni kitambaa cha kweli. Msikivute juu ya kioo cha skana, kitambaa kilichovutwa kinadanganya. Wekeni karatasi nyeusi nyuma yake, matundu ya wavu yataonekana vizuri. Kikishaingia, toeni rangi yote kibaki kijivu, na msawazishe mwanga, maana kivuli kidogo cha pembeni kikirudiwa mara mia kinakuwa mistari ya punda milia. Kateni kipande cha mraba, ndicho kigae chenu. Kisukumeni nusu kwa ile amri ya décalage ili kingo zije katikati mzione, muuzibe mshono pole pole. Kigae kizuri kinarudiwa jezi nzima na hakuna anayejua kinapoanza. Kiwekeni juu ya rangi kama kalki, yaani tabaka la juu, katika hali ya Produit, na mpunguze nguvu yake mpaka mshawishike kuirudisha. Msiirudishe. Kwenye mikono ya jezi kigae kigeuzwe, kwa sababu mshonaji hukata mkono kwa kufuata mkono, si kifua. Na kipimo, jamani. Nimeona jezi za studio yetu ambazo matundu yake ya hewa yangepitisha embe.

Jambo la mwisho nililomfundisha Trésor lilimshangaza. Nilimwambia kitambaa kisicho na kosa hata moja hakiaminiki. Kiwandani nililipwa kutafuta makosa na kuyatoa, kwenye kompyuta nililipwa kuyarudisha: uzi mmoja mnene kidogo, safu moja iliyolegea. Nimefanya kazi mbili maishani na ya pili ilikuwa kuifuta ya kwanza.

Tulikwenda vizuri mpaka barabara za mashariki zilipofungwa tena na vita. Malori ya Papa Kambale yalikwama, ndugu zake walikimbia na magodoro kichwani, na yeye aliongea na simu akiwa amekaa, ndipo tulipojua mambo ni mabaya. Jezi hazikuja. Wateja waliendelea kuja kuangalia picha za jezi zisizokuwepo. Trésor akaleta kazi mpya. Kulikuwa na mtu mjini mwenye ukumbi wa michezo ya video, aliyetaka timu za zamani za Lubumbashi ziingizwe ndani ya mchezo: wachimbaji, reli, posta, zote zilizokufa. Alitaka nguo zao za zamani hasa. Timu zisizo na wachezaji, zikivaa jezi zisizo na kitambaa, katika duka lisilo na mali. Papa Kambale alisema ni kazi inayotufaa kabisa.

Kwa timu ya kiwanda changu hatukuwa na jezi ya kuigia. Trésor alikuwa na picha moja tu, imefifia. Alikuwa anataka kutumia kitambaa cha siku hizi nikamkatalia, pamba ile ilikuwa na uzito mwingine. Nikamwonyesha kitambaa kilichofunika kompyuta yangu kwa ajili ya vumbi. Kilikuwa pale miaka yote, na nyuzi zake nyekundu ukingoni. Kilikuwa kitambaa cha mashine namba tisa, cha wiki ile ya orodha; namba na tarehe zilikuwa zimeandikwa kwenye bunda.

Skana yetu ni ndogo, tulikiingiza vipande vipande na kuviunga. Kigae kidogo hakikutosha, marudio yalionekana, kwa hiyo tulihitaji eneo lote. Lakini kitambaa kilikuwa kimejipinda, mistari yake ya wima imelala upande kama nyasi zilizopigwa na upepo. Trésor akachukua ile amri ya kupindisha picha, Déformation, akaanza kuivuta mistari isimame. Mimi nilikuwa nakunywa chai. Alivuta pembe ya juu, akavuta pembe ya chini, na mistari ikasimama wima.

"Ah, Mama Béa, angalia," alisema. "Fasi ulishonaka, bile biraka byeupe. Byote biko mu ligne moja. Ni bien aligné kabisa!"

Niliweka kikombe chini. Viraka vyangu saba vya uzi mweupe, vile nilivyoviona vimetawanyika miaka yote, vilikuwa vimesimama kimoja chini ya kingine, kwenye mstari uleule mmoja. Nikamwambia apime kwa rula ya programu. Akapima cha kwanza mpaka cha pili, cha pili mpaka cha tatu. Namba ilikuwa ileile. Nikamwambia ahesabu safu za uzi zinazokatiza kati ya kiraka na kiraka. Mia moja na arobaini na nne. Akahesabu chini yake: mia moja na arobaini na nne. Mashine zetu zilikuwa na nyuzi ishirini na nne zinazoingia kwa pamoja, kila mzunguko unafuma safu ishirini na nne. Mizunguko sita, tundu. Mizunguko sita, tundu. Jino moja la gurudumu fulani lilikuwa limevunjika, na sindano moja ilikuwa inalipia.

Mashine ilikuwa inahesabu. Ilihesabu mbele yangu wiki nzima.

Sikulia, kwa sababu mteja alikuwa amekaa pale. Nilikwenda nyuma ya duka nikasimama karibu na jenereta, pale ambapo mtu hasikiki. Niliona haya, haya ya kweli, ya kuungua masikio. Nilijua siku zote kwamba sikupima. Lakini mtu anaweza kuishi vizuri sana na kitu ambacho hakukipima, kwa sababu labda alikuwa sawa. Ile labda ndiyo niliyokuwa nimeifunika kompyuta nayo.

Trésor aliuliza kama afute matundu kwenye jezi ya mchezo. Nilimwambia ayaache. Alisema mteja atalalamika. Mteja hajagundua mpaka leo.

Nilichapa picha ile kubwa, nikapiga alama kila safu ya kumi, nikaikunja pamoja na kitambaa na rula ya Papa Ngoy, nikaenda Kasungami. Ilinichukua siku nne kuamua, na nusu saa kufika. Sikujua ninachokwenda kuomba. Msamaha ni neno kubwa, na alikuwa na haki ya kuninyima. Nilitaka tu aijue ile namba kabla mmoja wetu hajafa. Basi, na nilitaka aniite jina langu. Niseme ukweli kwa kuwa nimeshafika hapa.

Nilimkuta uani anachambua lengalenga. Alikuwa amekonda, nywele nyeupe, mgongo umenyooka. Mumewe alishafariki. Mkaza mwana wake alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, jikoni.

"Bonjour, Madame," alisema.

"Nilipima," nilimwambia.

Hakuuliza nini. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba hakuhitaji kuuliza. Nilitandika ile picha juu ya mkeka nikaanza kumweleza, programu, mistari, namna tulivyoinyoosha. Aliitazama kidogo, akaisogeza pembeni kwa mkono.

"Hii iko ya mashini yenu," alisema. "Iko wapi kitambaa?"

Nikampa. Alikipokea, akakinusa, sijui kwa nini, akakitandika magotini. Akaagiza sindano kutoka ndani. Macho yake ni mazuri kuliko yangu. Akaweka ncha ya sindano chini ya kiraka cha kwanza na kuanza kuhesabu, safu kwa safu, midomo ikicheza bila sauti. Mkaza mwana wake alitoka kutangaza chakula, Generosa akamwinulia kidole asimvuruge. Nilisimama pale kama mshitakiwa, na jua lilikuwa kali, na hakuna aliyeniambia kaa. Alifika kiraka cha pili. Akaendelea mpaka cha tatu.

"Mia na makumi ine na ine," alisema.

"Ndiyo."

"Na kule juu?"

"Hivyohivyo. Yote saba."

Aliguna. Akamgeukia mkaza mwana wake aliyekuwa bado amesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Unaona? Beye banaitaka miye Mukono ya Matobo. Hesabu. Kuya, hesabu na weye." Yule mwanamke akaweka mwiko chini akaja kuhesabu. Alikosea mara mbili, Generosa akamrudisha mwanzo kila mara, bila haraka, na bukari ikapoa. Alipofika mia moja na arobaini na nne kwa sauti, Generosa alifumba macho kidogo.

"Nilikuambiaka," alisema, na sasa alikuwa akisema na mimi. "Nilisema: chukua rula."

"Ulisema."

"Ilikuwa mu mutiro."

"Ilikuwa mu mutiro," nilisema. Nikamtolea ile rula na kuiweka juu ya mkeka, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kutoa. Nilimwambia nimekosa. Nilimwambia kwamba namba tisa ilikuwa mbovu na mikono yake ilikuwa mizima, na kwamba nitayasema hayo kwa mtu yeyote ambaye yeye anataka ayasikie, hata kanisani. Ndiyo maana ninyi pia mnayasoma.

Akashika ukingo wa kitambaa, akatafuta, akafungua fundo la kipande kimoja cha uzi mwekundu, lile fundo langu mwenyewe, la miaka yote ile. Lilikuwa gumu, alilifungua kwa ncha ya sindano. Rangi ilikuwa imepauka, lakini uzi ulikuwa mzima. Akautia kwenye tundu la sindano.

"Sogea," alisema.

Nikasogea. Akashika pindo la blauzi yangu, ile ya buluu mnayoijua, akachoma sindano, akafunga fundo mara mbili, fundo zuri la kiwandani, akakata uzi kwa meno.

"Yaya," alisema, "hii njo kosa ya mukono. Sasa ikala, tukule."

Tulikula bukari iliyopoa. Ua la matete halikuwepo Kasungami, kwa hiyo niliondoka jioni bila mahali pa kuegemea nikiaga, na Generosa akanisindikiza mpaka barabarani.

Rula imebaki kwake, anapimia matuta ya mboga. Ninyi nunueni nyingine, muiweke juu ya meza. Na mkinikuta mahali nimevaa blauzi ile ya buluu, msiniambie kwamba nina uzi unaoning'inia. Ninajua.